Paa Moja, Milango Miwili: Tafakuri za Mtunza Seva

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Kauli hii imekita mizizi katika fikra zetu kiasi kwamba vinapotajwa vitu viwili vya aina moja kuishi mahali pamoja, huanza kusubiri vumbi litimke. Hata hivyo, kwa muda wa miaka miwili ambayo nimekuwa mtunza seva wa chama chetu cha Kiswahili, nimeishi na fahali wawili katika zizi moja, na zizi lingali limesimama. Fahali hao ni seva mbili za wavuti zinazoendeshwa katika tarakilishi moja: moja huwahudumia wasomaji, nyingine ni uwanja wa majaribio. Katika makala haya nanuia kueleza jinsi zinavyotenganishwa, kwa nini utengano huo una maana kwa chama cha wanafunzi kisicho na fedha, na mahali unapofikia kikomo. Sikusudii kuandika mwongozo wa mafundi. Mimi ni mwanafunzi wa isimu na fasihi ambaye kazi hii ilimwangukia kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeinua mkono mkutanoni.

Ni vyema msomaji afahamu kwanza kilicho hatarini. Tarakilishi yetu ni kuukuu. Tulipewa idara ilipojipatia nyingine. Ndani yake mna mambo matatu. La kwanza ni orodha ya istilahi ambazo wanachama hukusanya na kuzijadili. La pili ni matoleo ya zamani ya jarida letu. La tatu, na ndilo lenye uzito zaidi, ni rekodi za sauti za malenga na watambaji wa hadithi ambazo waliotutangulia chamani walizikusanya vijijini mwao wakati wa likizo. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kuaga dunia. Istilahi ikipotea, itabuniwa upya. Jarida likipotea, pengine nakala ya karatasi itapatikana maktabani. Lakini sauti ya mzee aliyezikwa haina pa kuombwa tena.

Nilipokabidhiwa kazi hii, palikuwa na tovuti moja tu, na kila badiliko lilifanyiwa papo hapo, wasomaji wakiwa ndani. Aliyetaka kurekebisha ukurasa aliurekebisha hewani. Aliyeogopa aliunda folda kando na kuiita "mpya". Aliyemfuata akaunda "mpya2". Wa tatu akaongeza "mpya_kabisa". Folda hizo zote zilikuwa chini ya tovuti ileile, na yeyote mwenye intaneti angeweza kuzifungua. Simlaumu mtu. Ndiyo desturi ya vyama vya wanafunzi: kizazi kimoja huhitimu kikaondoka na maarifa yake, kingine kikaanza kwa kupapasa gizani.

Madhara yake hayakukawia kujitokeza. Katika mojawapo ya folda hizo mlikuwa na rasimu ya istilahi za tarakilishi, na ndani yake neno "bandari" lilipendekezwa kwa maana ya ile nambari ambayo seva husikilizia maombi. Mjadala wetu ulikuwa umekwisha kulikataa neno hilo na kuchagua "mlango". Hata hivyo, rasimu ilibaki pale pale, na mitambo ya kutafutia habari ikaiona. Siku moja mwanafunzi wa chuo kingine aliniandikia barua pepe ya malalamiko yenye adabu. Alikuwa amelitumia neno "bandari" katika kazi yake ya muhula akitaja chama chetu kuwa ndicho chanzo, na mhadhiri wake akamwuliza ni meli gani zinazotia nanga ndani ya tarakilishi. Yeye hakukosea. Aliamini kilichotolewa kwa jina la chama. Sisi ndio tuliokuwa tunaanika mazoezi yetu mahali pa onyesho.

Wanafunzi wa tamthilia wanaijua tofauti hii vyema. Kundi la maigizo halifanyi mazoezi mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mazoezini mwigizaji husahau maneno, huanguka, hucheka penye msiba, na hapana ubaya wowote, maana hiyo ndiyo njia ya kufika. Pazia likifunguliwa, mambo ni mengine. Shida yetu ilikuwa kwamba tulikuwa na ukumbi mmoja na hatukuwa na fedha za kujenga wa pili. Je, ukumbi mmoja waweza kuwa na majukwaa mawili?

Jibu linapatikana katika maana ya neno lenyewe. Wengi wetu husema "seva" tukimaanisha mtambo, lile sanduku lenye feni na taa. Matumizi hayo yana historia. Tim Berners-Lee alipounda wavuti katika kituo cha CERN, Uswisi, mwaka wa 1990, tarakilishi yake ilibandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime kwa kuwa ilikuwa seva. Wakati huo kuuzima mtambo kulikuwa sawa na kuizima wavuti. Lakini katika msingi wake seva ya wavuti ni programu. Apache, programu tunayoitumia, iliyoanza mwaka wa 1995 kutokana na seva iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, ni maandishi tu ya amri. Na kama vile shairi moja laweza kughaniwa na watu wawili kwa wakati mmoja katika vyumba viwili, programu moja yaweza kuendeshwa mara mbili katika mtambo mmoja, kila uendeshaji ukiwa na maisha yake.

Hapo ndipo lilipozuka swali la majina. Waingereza huiita ile ya kwanza kwa neno ambalo tafsiri yake sisisi ni "uzalishaji". Tulipolipendekeza mkutanoni, mwanachama mmoja kutoka Mumias aliuliza iwapo tunatengeneza sukari. Kicheko kilipotulia, tuliafikiana kuzitaja seva kwa wale zinaowahudumia na kazi zinazofanya: moja tukaiita seva ya wasomaji, nyingine seva ya majaribio. Naona jina hilo la kwanza limetusaidia kuliko tulivyotarajia. Anayetaka kuigusa hulazimika kutamka neno "wasomaji" kabla ya kubonyeza kitufe.

Utengano wenyewe una ngazi kadhaa, nami nitazitaja kwa mpango ambao tulizijenga.

Ngazi ya kwanza ni milango. Tarakilishi iliyo katika mtandao ina anwani moja, lakini ndani ya anwani hiyo mna milango yenye nambari, na ya juu kabisa ni 65535. Kwa kawaida wavuti husikiliza katika mlango wa 80, na ile iliyosimbwa kwa usalama husikiliza katika mlango wa 443. Programu mbili haziwezi kusikiliza katika anwani moja na mlango mmoja. Ya pili hukataa kuwaka. Kwa hiyo seva ya wasomaji ilibaki na milango hiyo miwili, na ya majaribio tukaipa mlango wa 8080. Kuna manufaa mengine hapa ambayo watu aghalabu huyapuuza. Katika mifumo ya jamii ya Unix, tangu jadi, milango iliyo chini ya 1024 hufunguliwa na mtumiaji mkuu peke yake. Mlango wa 8080 hauna sharti hilo. Mwanachama wa kawaida aweza kuiwasha na kuizima seva ya majaribio bila kupewa nywila ya mtumiaji mkuu, na nywila hiyo ndiyo ufunguo wa nyumba nzima.

Ngazi ya pili ni mali ya kila seva. Kila moja ina faili yake ya mipangilio, folda yake ya kurasa, daftari lake la matukio na daftari lake la hitilafu. Vilevile kila moja ina faili ndogo inayohifadhi nambari ya utambulisho ya programu inapokuwa hai. Faili hiyo ni ndogo mno, tarakimu chache tu, lakini ina hatari yake. Amri ya kuizima seva huisoma nambari iliyomo ili ijue ni nani wa kuambiwa alale. Seva mbili zikielekezwa kwenye faili moja, amri iliyokusudiwa kwa ya majaribio yaweza kuiangukia ya wasomaji.

Ngazi ya tatu ni watumiaji. Seva ya wasomaji huendeshwa kwa jina la mtumiaji mmoja na ya majaribio kwa jina la mwingine, na mtumiaji wa majaribio hana idhini ya kuandika katika folda za wasomaji. Kwa maoni yangu hii ndiyo ngazi muhimu kuliko zote. Ukuta wa nambari za milango humzuia aliyepotea njia. Ukuta wa idhini humzuia hata aliyekosea amri. Mwanachama akiandika amri ya kufuta akidhani yuko kwingine, mfumo wenyewe humkatalia.

Ngazi ya nne ni hifadhidata. Seva mbili zenye hifadhidata moja ni sawa na nyumba mbili zenye chungu kimoja: anayejaribu viungo vipya huku ndiye anayewaharibia chakula walio kule. Kwa hiyo istilahi za majaribio zina hifadhidata yao na nywila yao. Tena hatukunakili orodha ya wanachama yenye majina na nambari zao za simu; tuliijaza hifadhidata ya majaribio majina ya kubuni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na chama cha wanafunzi hakina haki ya kujidai kuwa kidogo mno kiasi cha kutoihusu.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie Apache moja yenye tovuti mbili ndani yake, jambo ambalo programu hiyo inaliweza vizuri. Hoja yake ilikuwa na mashiko, na kwa tovuti mbili zilizokomaa ningekubaliana naye. Lakini katika mpango huo tovuti zote huwa chini ya mzazi mmoja na mipangilio mimoja. Kosa la alama moja katika sehemu ya majaribio laweza kuizuia seva nzima isiwake tena inapozimwa. Aidha, sehemu mpya ya programu ikitiwa kwa ajili ya majaribio, hutiwa kwa wote. Tulitaka seva ya majaribio iweze kufa bila ya kuzikwa na mwenzake.

Hatimaye tuliielekeza seva ya majaribio isikilize katika anwani ya ndani pekee, yaani 127.0.0.1, ambayo haifikiki kutoka nje. Anayetaka kuitazama huingia kwanza katika tarakilishi kwa njia iliyosimbwa. Hatua hii iliua ndege wawili kwa jiwe moja. Kwanza, rasimu zetu hazikuonekana tena na mitambo ya kutafutia habari. Pili, iliondoa kero iliyotusumbua kwa majuma kadhaa: mwanachama akiingia katika seva moja, alijikuta ametolewa katika nyingine. Tuligundua kuwa zile kumbukumbu ndogo ambazo kivinjari huhifadhi ili kumtambua mtumiaji hazitofautishi milango. Huangalia jina la tovuti. Kwa kivinjari, mlango wa 80 na wa 8080 chini ya jina moja ni mtu yuleyule.

Isidhaniwe kwamba mpango huu ulipita bila upinzani. Ndugu mmoja wa mwaka wa nne alisimama mkutanoni akasema, "Mwenyekiti, huyu wa mwaka wa kwanza akiharibu, sauti za wazee tutazirudisha vipi?" Alitaka wageni wasiruhusiwe kabisa kuugusa mtambo. Swali lake lilinikosesha usingizi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Seva mbili chini ya paa moja ni kama wapangaji wawili katika ploti moja. Kila mmoja ana mlango wake na kufuli yake, lakini tangi la maji ni moja na mita ya stima ni moja. Mmoja akiacha bomba wazi, wote hukosa maji. Daftari la hitilafu la majaribio likifura hadi kuijaza diski, seva ya wasomaji nayo haitapata pa kuandika. Jaribio likila kumbukumbu yote ya tarakilishi, wasomaji watasubiri hadi wachoke. Mfumo endeshi ukihitaji kuwashwa upya, wote hutoka nje. Na diski yenyewe ikifa, hapana mlango wala ukuta utakaosaidia.

Kwa hivyo tuliyakubali mashaka yake na kuyatilia maanani. Seva ya majaribio iliwekewa sehemu yake ya diski, ili ikijaa ijijae yenyewe. Linux huruhusu kundi la programu kuwekewa kiwango cha juu cha kumbukumbu, nasi tukaiwekea. Juu ya hayo, rekodi za sauti zilinakiliwa katika diski mbili za nje, na mojawapo huhifadhiwa katika jengo jingine. Kila muhula nakala hizo hufunguliwa na kusikilizwa, kwani nakala ya akiba isiyowahi kufunguliwa ni imani tu. Utengano wa seva ni jambo moja, akiba ni jingine; lililo la kwanza halilipi deni la pili.

Mfano wa kampuni ya GitLab wafaa kuzingatiwa hapa. Tarehe 31 Januari mwaka wa 2017, mhandisi wake mmoja, akihangaika usiku na hifadhidata iliyolemewa, alifuta folda akidhani yuko katika seva ya pili ilhali alikuwa katika ile kuu. Takriban gigabaiti 300 za data ziliondoka kabla hajaisimamisha amri. Njia kadhaa za akiba walizozitegemea zikabainika kuwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, kwa ajili ya mazingira yao ya majaribio. Naona mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba hata wenye mitambo mingi hupotea njia iwapo madirisha mawili ya amri yanafanana. Ndiyo maana dirisha letu la wasomaji lina maandishi mekundu na la majaribio lina ya kijani. La pili ni kwamba kampuni hiyo ilieleza tukio lote hadharani bila kumtoa mhandisi wake kafara. Ilitafuta dosari katika mpangilio wa kazi.

Tunaweza sasa kulirudia swali la ndugu yetu wa mwaka wa nne. Mkutano uliamua wageni waruhusiwe, lakini katika seva ya majaribio tu. Wa kwanza alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kumiliki tarakilishi. Alijifunzia kuandika kwa simu. Juma lake la kwanza aliisahau alama moja ya kufungia katika faili ya mipangilio, na seva ya majaribio ikagoma kuwaka. Alinijia akitetemeka. Nilimwonyesha tovuti ya wasomaji katika simu yake mwenyewe: ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida, na mtu fulani alikuwa akisikiliza utenzi. Kisha nilimwachia daftari la hitilafu alisome. Ilimchukua alasiri nzima kulipata kosa, lakini alilipata yeye. Leo ndiye anayeipima mipangilio kabla ya badiliko lolote kuvuka kwenda upande wa wasomaji, na nitakapohitimu ndiye atakayeurithi ufunguo. Lau tungekuwa na seva moja, ama angezuiwa kuigusa ama angeigusa mara moja tu.

Nami nashawishika kuamini kuwa lugha yetu pia inaishi hivi. Katika mtambo mmoja uitwao Kiswahili, maneno "tarakilishi", "ngamizi" na "kompyuta" yamekuwa yakiendeshwa pamoja kwa miaka mingi, kila moja na mlango wake na wateja wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka wa 2004, istilahi nyingi zilitoka katika karatasi za wataalamu zikaingia mikononi mwa watu, na huko ndiko ambako neno hupimwa kweli. Tatizo huja pale tunapoyachanganya majukwaa: tunapoitangaza rasimu kuwa kamusi, au tunapomnyamazisha mbunaji chipukizi kwa kisingizio cha usanifu. Lugha yahitaji pahali ambapo neno "bandari" laweza kupendekezwa, kuchekwa, kutetewa na kukataliwa, bila ya mwanafunzi wa chuo kingine kuaibishwa kwalo.

Natoa wito kwa vyama vingine vya Kiswahili katika vyuo vyetu. Msingoje kupata mtambo wa pili ndipo mtenganishe jaribio na onyesho. Mlio nao unatosha kuanzia. Tofautisheni milango, faili, watumiaji na hifadhidata. Fungeni jaribio lisionekane nje. Pimeni mipangilio kabla ya kuiwasha. Wekeni akiba nje ya paa lile, na muifungue kuhakikisha ni nzima. Kisha mkabidhini mgeni ufunguo wa seva ya majaribio, mketi kando, mumwache avunje.

Wahenga hawakukosea kuhusu fahali. Walizungumzia zizi lisilo na ukuta katikati.